Kungoja Kilicho Chako

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku pasipo kujua, nayo ni hisani na haki. Mtu akikupa nguo yake kwa sababu umelowa mvua, hiyo ni hisani, na yakupasa kumshukuru. Mtu akikurudishia mwavuli wako aliouazima juzi, hiyo ni haki. Adabu yataka useme ahsante, lakini kwa kweli hukupewa kitu. Tofauti hii ni nyepesi kuitamka, walakini mtu asiyeielewa hupata taabu kuishi na jirani yake, na hupata taabu kubwa zaidi kuishi na serikali yake.

Nataka kuijaribu tofauti hiyo juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana ni la makarani na wahasibu tu, yaani kurudishiwa kodi ya mapato. Kila mwaka wako watu katika nchi yetu ya Kenya waliokatwa kodi zaidi ya ile iliyowapasa. Sheria inawaruhusu kuomba warudishiwe ziada hiyo. Baadhi yao hurudishiwa upesi, wengine hungoja miezi, na wapo wanaongoja hata wakakata tamaa. Katika kungoja huko ndimo linamozaliwa swali langu: mtu anayengoja kilicho chake afanye nini? Anyamaze kwa jina la subira? Agombe? Au atoe kitu kidogo ili mambo yaende?

Kwanza tuelewane jinsi fedha hizo zinavyotokea. Mfanyakazi wa mshahara hapeleki kodi yake kwa mkono wake. Mwajiri humkata kila mwezi na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, ile tuiitayo KRA, si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwaka ukiisha, mwajiri humpa fomu ya P9 inayoonyesha alilipwa nini na alikatwa nini. Naye mfanyakazi ana muda hadi tarehe 30 Juni kupeleka taarifa ya mapato yake ya mwaka uliopita, ambayo vijana huiita ritani. Taarifa hiyo ndiyo mizani. Upande mmoja huwekwa kodi iliyopasa, upande wa pili kodi iliyokatwa.

Aghalabu pande hizo mbili hulingana. Lakini chukua mfano wa mtu anayelipia bima ya maisha shilingi 4,000 kila mwezi. Sheria humpa nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, maadamu nafuu yenyewe haizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ya 4,000 ni shilingi 600, na kwa mwaka ni shilingi 7,200. Ikiwa mwajiri hakuihesabu nafuu hiyo alipokuwa akimkata, basi mwisho wa mwaka shilingi 7,200 za mtu huyo zitakuwa zimekaa katika mfuko wa umma. Ni hali kadhalika kwa mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha kusamehewa kodi, kisha akakatwa kana kwamba cheti hicho hakipo, na kwa mtu anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayokaa mwenyewe, ambayo sheria huruhusu itolewe katika mapato kabla ya kodi kupigwa.

Sasa tujiulize: shilingi 7,200 zile ni za nani? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 210, yasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Basi kilichochukuliwa kupita sheria hakikuwa kodi hata siku moja. Kiliingia pamoja na kodi, kikahesabiwa pamoja na kodi, lakini hakikugeuka kuwa kodi, kama vile ng'ombe wa jirani akiingia zizini mwako usiku hageuki kuwa wako kwa sababu amelala humo. Kwa lugha yetu, kitu cha mtu kilicho mikononi mwa mwingine huitwa amana. Na amana ina sheria zake za zamani kuliko KRA na kuliko Katiba: huitunza, huitolei udhuru, na mwenyewe akija hukujia kama mwenye mali, haji kama mwombaji.

Wazo hili ni geni kwetu, na ugeni wake una sababu. Babu zetu walitozwa kodi ya nyumba na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye kodi ya kichwa. Kodi ile haikupimwa kwa mapato ya mtu. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuacha shamba lake akatafute kazi ya kijungu jiko katika mashamba ya walowezi au ya mkonge ili apate za kulipa. Sijasikia hata siku moja kisa cha babu aliyekwenda kwa Disii akasema, "Mmenizidishia, nirudishieni changu." Kodi ilikwenda njia moja tu. Uhuru ulipokuja sheria zilibadilika. Sheria ya Kodi ya Mapato tuliyo nayo ilianza kutumika mwaka 1974, baada ya kodi hiyo kusimamiwa kwa miaka mingi na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na KRA nayo ikaanza kazi Julai 1995. Lakini mawazo hayabadiliki upesi kama sheria. Hata leo mtu akirudishiwa kodi yake, majirani humpongeza kana kwamba ameshinda bahati nasibu, naye mwenyewe husema, "Serikali imenikumbuka." Serikali haikumkumbuka. Imemrudishia mwavuli wake.

Hatari ya kuiita haki hisani ni hii, kwamba hisani huombwa, na anayeomba aghalabu huja na zawadi mkononi. Mwaka 2023 alinijia kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa ni mwalimu katika shule ya watu binafsi. Baada ya kunipa shikamoo na kuniuliza habari za magoti yangu, alinieleza kwamba anadai nafuu ya bima ya miaka mitatu, jumla shilingi 21,600, na kwamba ameomba tangu mwaka uliopita asione hata senti. Mtu mmoja anayejiita wakala, anayekaa karibu na saiba anakojazia fomu zake, alikuwa amemwambia kwamba kwa shilingi 3,000 jambo lake litasukumwa.

"Mwalimu," akasema, "pesa hizi ni zangu. Sitaki cha mtu. Nikitoa kidogo ili nipate changu, je, nimetoa rushwa?"

Swali hilo si la kipumbavu, na wengi wetu tumelijibu kimyakimya kwa namna inayotufaa. Nilimwuliza kwanza mtoto wake yu darasa la ngapi, nikajua kwamba fedha zile zilikuwa zimekwisha kupangiwa karo. Hakuwa mlafi. Alikuwa mtu aliyebanwa. Basi sikumjibu kwa kumtajia sheria peke yake, ingawa sheria iko wazi: Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea, wala haiulizi kama kilichotafutwa kilikuwa haki ya mtoaji. Nilimpa sababu tatu, nazo naziandika hapa kwa sababu bado naziona za kweli.

Ya kwanza, anayelipa ili apate kilicho chake amekubali kwa kitendo chake kwamba si chake. Amekinunua. Kesho hawezi kusimama akasema nilidhulumiwa, maana ameigeuza haki yake kuwa bidhaa na amekubali bei.

Ya pili, hatoi fedha zake peke yake. Huuza pia nafasi za wenzake. Yule muuguzi aliyeomba kabla yake, na yule mjane anayefuatilia kodi ya marehemu mumewe, hurudi nyuma hatua moja ili yeye apite. Na wote wakijua kwamba foleni inauzwa, wote watanunua, na wote wakinunua hakuna atakayefika mapema. Kitakachobadilika ni bei ya foleni.

Ya tatu ndiyo iliyomgusa zaidi. Nilimwambia, "Mwanangu, unataka kumlipa mtu aondoe jiwe njiani, nawe hujui jiwe liko wapi. Je, umekwenda kutazama?" Akakaa kimya. Alikuwa amengoja mwaka mzima, amenung'unika mwaka mzima, lakini hakuwa ametazama.

Hapa ndipo nilipoanza kuyafikiri maneno yetu ya subira kwa makini. Tunasema subira yavuta heri, na ni kweli. Tena tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hilo ni kweli pia. Watu hudhani methali hizi mbili zinapingana, kwamba mmoja wa wahenga alikosea. Mimi sidhani. Naona zinazungumza juu ya watu wawili tofauti. Mkulima aliyepanda, akapalilia, akaziba mwanya wa ua, kisha akangoja mvua, huyo ana subira. Aliyetupa mbegu akaenda kulala, huyo anangoja ngoja tu. Wote wawili wamekaa, lakini hawakukaa kwa namna moja. Kungoja bila kukagua ni kuitelekeza haki yako na kuupa utelekezaji huo jina zuri.

Tulikwenda pamoja hadi saiba, tukafungua iTax kwa namba yake ya PIN na neno lake la siri. Mambo tuliyoyakuta yalinifundisha mengi. Barua pepe iliyoandikishwa haikuwa yake. Siku alipoandikishwa PIN, miaka mingi nyuma, hakuwa na barua pepe, na mwenye saiba akaweka ya kwake ili kazi iishe. Huko ndiko zilikokwenda barua mbili za kumtaka alete cheti kutoka kampuni ya bima. Hakuna aliyezisoma. Tena, tulipolinganisha fomu zake za P9 na daftari la hesabu lililomo katika mtandao, tuliona kwamba katika miezi mitano kodi aliyokatwa haikuonekana. Shule ilikuwa imeipeleka kwa PIN ya mwalimu mwingine wa hapo hapo mwenye jina linalofanana na lake. Na la mwisho, hakuwa amepeleka taarifa ya mwaka 2019, akidhani kwamba maadamu mwajiri humkata, hana haja. Kwa kosa hilo faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa.

Yule wakala wa shilingi 3,000 asingeweza kuliondoa hata moja katika mawe hayo matatu. Kijana alibadilisha barua pepe, akaleta vyeti vya bima, akaiandikia shule barua yenye tarehe na nakala, nayo ikasahihisha taarifa zake. Miezi minne baadaye fedha ziliingia katika akaunti yake, shilingi 19,600, kwa kuwa sheria huruhusu deni la kodi likatwe kwanza kabla ya salio kurudishwa. Hakufurahia zile 2,000, lakini alijua zimekwenda wapi.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu ili msomaji aone kwamba neno "wamechelewesha" mara nyingi huficha watu wengi. Yuko mwajiri aliyekata na asipeleke, au aliyepeleka kwa jina la mwingine. Iko kampuni ya bima isiyotoa cheti mpaka ikumbushwe. Iko akaunti ya benki iliyofungwa, au ambayo jina lake halilingani na jina la mwenye PIN. Liko deni la zamani ambalo mdai amelisahau. Na kuna maombi makubwa au yasiyo ya kawaida ambayo ni lazima yakaguliwe kwa makini. Kwa hiyo anayengoja ana wajibu wa kwanza wa kujua anamngoja nani.

Wajibu huo hauhitaji elimu kubwa. Mtu ahifadhi fomu zake za P9 na hati za mshahara za kila mwezi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Akipeleka taarifa ya mwaka ikaonyesha kwamba amelipa zaidi, asidhani kazi imekwisha. Ombi la kurudishiwa ni jambo la pili, hupelekwa peke yake, na kwa kodi ya mapato sheria imeweka miaka 5 tangu kodi ilipolipwa. Akishaomba aihifadhi ile risiti ya kupokelewa, kwa kuwa namba iliyomo ndiyo ya kufuatilia hali ya ombi katika mtandao. Alinganishe daftari la hesabu na P9 zake, mwezi kwa mwezi. Ahakikishe barua pepe, simu na akaunti ya benki ni zake na ni za sasa. Asipoelewa aende ofisi ya KRA au kituo cha Huduma, na akienda aende na karatasi, asiende na hasira peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini ningekuwa mdhalimu kama ningeuacha mzigo wote juu ya raia. Kuna wakati amekagua kila kitu, amejibu kila barua, ombi lake limekubaliwa, na bado hangoji lolote ila fedha kutengwa au mtu fulani kuinua faili lake. Hapo ucheleweshaji umebadilika tabia. Muda wa kukagua ni wa halali, kwa sababu anayeshika amana ya watu wengi ana haki ya kuhakikisha anamrudishia mwenyewe. Muda wa kusahau si wa halali. Raia akichelewa kulipa kodi hutozwa riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Sheria hiyo siigombi. Lakini ikiwa kuchelewa ni kosa lenye bei kwa anayelipa, haliwezi kuwa jambo la kawaida kwa anayerudisha. Mizani yenye upande mmoja haiitwi mizani.

Katiba, katika ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa upesi, kwa kufuata sheria na kwa usawa, na mtu ambaye haki yake imeathiriwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Naliona neno hilo la mwisho kuwa kubwa kuliko yote. Anayenyimwa fedha amenyimwa kitu kimoja. Anayenyimwa fedha na sababu pia amenyimwa viwili, na cha pili ndicho kinachomchoma. Ndiyo maana raia aliyekwama asione haya kuandika barua ya kuomba sababu, na asipojibiwa apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo kazi yake ni hiyo hasa. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Ni kuisaidia serikali ikumbuke kwamba inashika amana.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa kipimo kidogo katika shule ya msingi niliyoiongoza huko Taita. Katika miaka ya 1980 wazazi walichanga fedha watoto waende Mombasa kuiona Fort Jesus. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, safari ikavunjika, na ikatubidi kurudisha michango. Kazi hiyo haikuwa rahisi kama ilivyoonekana. Daftari mbili hazikulingana. Baadhi ya watoto walilipiwa na kaka zao, wengine walilipa nusu kwa mwalimu wa darasa na nusu ofisini. Karani wetu, mtu mwenye maneno machache, alishauri kwamba kila Ijumaa tubandike mlangoni karatasi yenye majina: nani amerudishiwa, nani bado, na kwa sababu gani. Tulichukua majuma matatu kumaliza. Siku ya kwanza walikuja wazazi wenye ghadhabu. Baada ya karatasi ya kwanza walikuja wazazi wenye taarifa. "Mwalimu, hapa mmeandika sikulipa, risiti yangu hii hapa." Muda ulikuwa ule ule, fedha zilikuwa zile zile, lakini kungoja kulikuwa kumebadilika. Mwenye amana alikuwa amepewa habari za amana yake, naye akatusaidia kuzitafuta.

Watu wawili wamebaki ambao yanipasa niwataje kabla sijamaliza. Wa kwanza ni yule anayeomba asichostahili. Huandika bima asiyoilipa, au hukuza tarakimu, akijiambia kwamba serikali ni tajiri na haitahisi. Huenda serikali isihisi, lakini jirani yake atahisi, maana kila ombi la uongo huongeza ukaguzi, na ukaguzi huongeza siku za kungoja kwa waliosema kweli. Mwongo hula muda wa mkweli. Kwa sababu hiyo ukweli wa taarifa yangu ya kodi si jambo kati yangu na serikali peke yetu. Ni jambo kati yangu na wote walio nyuma yangu katika foleni.

Wa pili ni mpole zaidi, nami nina marafiki wengi wa aina yake. Huyu husema, "Shilingi elfu chache! Mimi naiachia nchi. Iwe sadaka." Kauli hiyo ina harufu nzuri, na siwezi kusema kwamba ni vibaya mtu kuipa nchi yake zaidi ya anachodaiwa. Lakini sadaka hutolewa na mtu anayejua ana nini na ametoa nini. Mtu asiyejua kama alikatwa zaidi, asiyetazama, na ambaye angetaka kutazama angeona uvivu, hajatoa sadaka. Ametupa tu. Na kuna ubaya mwingine ndani yake: mwenye uwezo akinyamaza juu ya elfu zake chache, ofisi huzoea kwamba watu hunyamaza, na siku atakapokuja fundi au mwalimu mchanga ambaye elfu hizo ni karo ya mwanawe, ataonekana msumbufu. Wenye uwezo na nafasi ya kukagua huwakagulia pia wasioweza.

Basi jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Anayengoja kilicho chake asinyamaze, kwa sababu kimya chake hakimfai yeye wala anayeshika mali yake. Asigombe kabla ya kutazama, kwa sababu huenda jiwe liko mlangoni pake mwenyewe au kwa mwajiri wake. Asinunue, kwa sababu atakuwa ameuza haki yake na nafasi za wenzake kwa siku moja. Aulize, kwa karatasi mkononi, kwa adabu, tena na tena, na kila mara aandike tarehe aliyouliza na jina la aliyemjibu. Huo ndio nauita subira. Ni subira yenye macho.

Na ninyi mlio vijana, mnaokatwa kodi kila mwezi na kudhani habari zake zimeishia katika hati ya mshahara, chukueni jioni moja kabla ya tarehe 30 Juni mkae na P9 zenu. Pengine hamtakuta hata shilingi ya kudai. Hiyo si hasara. Mtakuwa mmejua hesabu yenu na nchi yenu imesimama wapi, na raia anayejua hesabu yake ni vigumu kumdhulumu, na ni vigumu pia yeye kudhulumu.